Dazeni Tano za Vikombe

Mimi ni katika watu waliosadiki, hata ndevu zikaanza kuota, ya kwamba dazeni ni kumi. Wala hakuna aliyenifundisha hivyo, ila niliona vidole ni kumi na senti za vitumbua huhesabiwa kwa makumi, nikakata shauri kwamba hata Mwingereza, pamoja na ajabu zake zote, hawezi kuwa na neno la hesabu lisilotua juu ya kumi.

Basi siku moja, nyumbani kwetu Tanga kukikaribia maulidi, mama akanipa fedha nikanunue dazeni tano za vikombe vya chai. Mwenye duka, mzee mpole ambaye miwani yake ilishikizwa sikioni kwa uzi, akavipanga mezani sita sita, akapokea fedha yake kamili, nami nikahesabu nikapata sitini. Nafsi ikaniambia kuwa Mola amenitahini kwa vikombe kumi. Nikavitenga, nikasema kwa sauti ya kusikiwa na wateja wote, “Mzee, umejisahau, na mali ya mtu haichezewi.” Akanitazama juu ya miwani, akavitazama vikombe, akaniombea umri mrefu, akavirudisha kabatini.

Mama alivihesabu mara mbili, kisha akaniuliza, kwa upole ule unaotisha kuliko ukali, “Mwanangu, vingine umevivunjia wapi?” Nilipoeleza uaminifu wangu, baba, aliyekuwa karani wa forodha na aliyezeeka akihesabu magrosi, yaani 144 kwa kila moja, alicheka hata kofia ikamdondoka. Ndipo akanipa darsa: kwamba neno dazeni Waingereza walilitwaa kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Kilatini, ambako maana yake ni mbili na kumi, sawasawa na thenashara yetu tuliyoipata kwa Waarabu, na kwamba wafanyabiashara waliipenda kwa kuwa hugawika nusu, theluthi, robo na sudusi bila ya kubakiza kitu, ilhali kumi, ukiitaka theluthi yake, hukuachia kikombe kilichopasuka. Akaongeza kuwa waoka mikate wa Uingereza, yasemekana kwa kuihofu sheria ya karne ya 13 iliyowaadhibu wenye kupunja, walizoea kuifanya dazeni yao mikate 13. Ama mnunuzi aliyejipunja mwenyewe, tena kwa hotuba, hajapata kumsikia.

Nikarudi mbio dukani. Mzee alikuwa akifunga mbao za mlango.

“Shikamoo, mzee. Vile vikombe kumi...”

“Marahaba, mwanangu. Vimekwisha uzwa.”

“Kwa nani?”

“Alikuja kijana wa rika lako akitaka dazeni moja. Alivihesabu mwenyewe, akaridhika.”