Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Idara, Kaunti za Kitui na Makueni

KUH: MIKUTANO YA KUTEMBEA

Mkutano wa kutembea ni kikao cha kazi ambacho wajumbe wake hujadiliana wakiwa njiani. Hauna projekta, hauna kitambaa cheupe mezani, na mandazi hayaufikii. Kwa sababu hizo tatu, ni vigumu kupata kamati inayojiheshimu iliyowahi kuupendekeza.

Faida yake imepimwa. Mwaka 2014, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba anayetembea hubuni mawazo mapya mengi kuliko aliyeketi. Kwa maswali yenye jibu moja tu, kutembea hakukusaidia. Kwa hiyo hesabu za mafuta ya magari zifanyiwe kitini: jibu lake ni moja, ingawa ubunifu umewahi kuonekana hata hapo.

Watu watatu au wanne wanatosha; wakizidi, wa nyuma huanzisha mkutano wao. Saa nzuri ni kabla ya saa tatu asubuhi, maana jua la Ukambani haliheshimu ajenda. Kumbukumbu huandikwa wajumbe wanapopumzika chini ya mwembe, na Makueni haina upungufu wa miembe.

Jambo kubwa ni njia. Kikao cha maji kielekee kwenye mto wa msimu, pale wanawake wanapofukua mchanga, wakangoja maji yajae shimoni, kisha wakayachota kikombe kwa kikombe hadi mtungi wa lita 20 ujae. Hao hujadiliana kwenda na kurudi, wakiwa na kilo 20 mgongoni, na kikao chao hakiahirishwi kwa kukosa akidi. Hata mabwawa ya mchanga, yaani kuta zinazokinga mchanga wa mto ili ushike maji, ambayo Kitui inayo kwa mamia, huanza kwa miguu. Anayetafuta mahali pa kujenga ukuta huufuata mto akiangalia mwamba ulipo na kimo cha kingo, kisha kikundi cha mwethya, yaani cha kazi ya pamoja kijijini, hubeba mawe. Mambo hayo hayaonekani kutoka ukumbi wa hoteli ya Mombasa, hata ule unaotazama bahari.

Ibara ya 196 ya Katiba ya 2010 inalitaka bunge la kaunti liwezeshe wananchi kushiriki katika shughuli zake. Haisemi kwamba ni wananchi tu watakaotembea. Makueni ilipata sifa enzi za Gavana Kivutha Kibwana, 2013 hadi 2022, kwa mikutano ya umma iliyoanzia vijijini. Ilibaki hatua ndogo tu, ya afisa kushuka garini kabla ya kufika.

Idara za maji, zenye umbali mrefu zaidi wa kujadili, zinaombwa kuanza. Kila afisa aje na mtungi mtupu. Kuurudisha ukiwa umejaa ni sehemu ya ajenda, na haitaombewa posho.