Jinsi ya Kumkosa Swala kwa Heshima

Hongera! Leseni ya uwindaji umeipata, bunduki yako ya .30-06 umeifunga darubini mpya, na safari ni Ijumaa. Limebaki jambo dogo tu: risasi na darubini vikutane kwenye umbali gani? Usihangaike. Fuata hatua hizi, utarudi mikono mitupu na jina zuri.

1. Chagua umbali wa kutajika

Usiulize mnyama husimama wapi. Uliza namba gani inapendeza barazani. Mita 100 ni za mtoto, 200 ni za karani. Wewe sema 300. Ni kweli kwamba ndani ya miombo ya Rungwa miti yenyewe haikuruhusu kuona mbali hivyo, lakini miti haiji barazani kutoa ushahidi.

Kuna pia faida ya pili. Risasi haiendi kwa mstari ulionyooka: huanzia chini ya darubini, hupanda, kisha hushuka. Ukiipatanisha na mita 300, ikipita mita 100 itakuwa juu ya alama kwa zaidi ya sentimita 10. Basi mlenge swala pala katikati ya kifua, naye huenda akapitiwa na upepo tu mgongoni. Akiondoka mzima, utasema bunduki yako imezoea mbali.

2. Pima kwa macho

Kamba waachie mafundi ujenzi. Mpe dereva karatasi ya shabaha, aende nayo mpaka achoke. Alipochokea ndipo mita 300. Jedwali la kwenye boksi la risasi likiandika yadi, wewe soma mita. Yadi 300 ni mita 274, na mita 26 si kitu cha kugombanisha marafiki.

3. Tumia njia ya mkato

Hii hata wajuzi wanaiheshimu, kwa hiyo itaje kwa sauti. Risasi hukata mstari wa jicho mara mbili: kwanza ikipanda, karibu mita 25 kutoka mtutuni, kisha ikishuka, huko mita 200 na ushee. Piga karatasi kwenye mita 25, funga begi, nenda kanywe chai. Wajuzi huendelea kuhakiki kwenye mita 100 na 200, maana kosa la sentimita 1 kwenye mita 25 huwa sentimita 8 kwenye mita 200. Wao hawana kazi nyingine.

4. Egemea kila kinachoegemeka

Laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga kwenye boneti, tuliza viwiko, na mwenzio akushikie mwavuli. Porini utapiga ukiwa wima, bunduki juu ya fimbo tatu zilizofungwa pamoja, moyo ukidunda kwa kufuata nyayo tangu alfajiri. Fimbo hizo usizifanyie mazoezi nyumbani. Zitakuonyesha umbali wako halisi, na siri ya namna hiyo haifai kujulikana hata kwa mwenyewe.

5. Piga moja, acha

Ikigonga katikati, kunja karatasi uitie kwenye pochi. Risasi ya pili na ya tatu huleta fitina. Wakikulazimisha kupiga tatu, zipige harakaharaka mpaka mtutu uwake moto, kisha lalamikia joto. Tumia risasi za bei rahisi. Zile ghali, za uzito mwingine, mtunzie mnyama. Zitaangukia mahali pengine kabisa, lakini lawama ni ya kiwanda.

6. Ukifika kambini, usipime tena

Darubini imegongwagongwa siku nzima kwenye barabara ya vumbi. Askari wa wanyamapori atakushauri upige karatasi kabla ya kuingia porini. Mwambie hutaki kushtua wanyama. Atanyamaza, atamtazama mfuata nyayo, naye mfuata nyayo atatazama mawingu. Usijali, ni heshima hiyo.

7. Kosa kabisa

Hapa sina utani. Mnyama aliyejeruhiwa na kupotea huhesabiwa kwenye leseni yako kama uliyemuua. Nyati ndiyo kabisa mwache: anataka kaliba ya .375 na kuendelea, na hupigwa kwa karibu. Ukimjeruhi, hatakuuliza uliipima bunduki kwa mita ngapi. Atakuja kuzipunguza.

8. Epuka mazungumzo ya Bell

Mtu akimtaja Walter Bell, yule Mskoti aliyeitwa Karamojo, aga uondoke. Bell aliwaua mamia ya tembo, wengi kwa bunduki ya milimita 7 tu, kwa sababu alichunguza fuvu la tembo, akajua mahali pa kupiga, na akasogea karibu. Mifano ya watu wanaosogea karibu inatuharibia wote.

Kama baada ya yote haya bado una ukaidi wa kutaka nyama, shauri yako. Ukifika kambini, pima mita 100 kwa kamba. Piga risasi tatu za aina ileile utakayowindia, ukiuacha mtutu upoe kila mara, na urekebishe darubini hadi zikusanyike sentimita 5 juu ya alama. Kwa .30-06 hiyo ni sawa na kuipatanisha na mita 200, na mnyama yeyote ndani ya umbali huo mlenge bila hesabu. Nakuonya tu: njia hii haikuachii kisingizio hata kimoja, na ikifaulu itabidi uchune.