Apewe Sifa Mnung'unikaji

Duniani wamesifiwa wengi wasiostahili: majemadari walioshindwa vita, mawaziri waliozindua kisima kimoja mara tatu, hata wali usioiva kwa kuwa mpishi ni mama mkwe. Lakini sijamwona aliyesimama kumsifu yule mtu anayewasha kompyuta asubuhi baada ya sasisho la usiku, akakodolea macho skrini, kisha akauliza kwa sauti ya mfiwa: "Nani kakihamisha?"

Huyo ndiye ninayemsifu leo. Namsifu pamoja na wapinzani wake, kwani peke yake angeonekana mgonjwa tu. Akipata wa kubishana naye anakuwa taasisi. Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mnung'unikaji hana hatari hiyo, maana hajawahi kukiri kwamba kuna tembo tamu tangu lile la mwaka aliojifunza kunywa.

Tuanzie kwenye uwanja wake mkuu wa vita. Tarehe 26 Oktoba 2012 Microsoft ilitoa Windows 8. Kwa miaka 17, tangu Windows 95, pembe ya chini kushoto ya skrini ilikuwa na kitufe cha Start, na mkono ulikuwa ukikifikia bila kuliuliza jicho. Sasa kikaondolewa. Kompyuta ikiwaka, ilikuletea skrini nzima ya vigae vya rangi, vipana vya kutosha kidole gumba, kwa sababu iPad ilikuwa imetoka 2010 na Microsoft haikutaka kuachwa nyuma na zama za kugusa. Wengi waliokabidhiwa vigae hivyo walikuwa na kompyuta ambayo ukiigusa kioo huambulii kitu ila alama ya kidole. Ilikuwa ni kama mtu akuhamishie nyumba kwenye bao wakati kete zako ziko mkononi, kisha akupongeze kwamba mchezo umerahisishwa.

Hapo ndipo mnung'unikaji alipong'ara. Wenzake waliona haya kuuliza, wakadhani ujinga ni wao. Yeye aliuliza kwa niaba ya wote: kompyuta hii inazimwaje? Swali zuri. Jibu lilikuwa kwamba unapeleka kipanya kwenye pembe ya kulia ya skrini, unangoja utepe uchomoze ukingoni, unachagua mipangilio, unabofya alama ya umeme, kisha ndipo unaruhusiwa kuomba mashine izimwe. Asiyeijua safari hiyo alibaki na swichi ya ukutani.

"Utazoea," waliambiwa. Neno hilo ndilo silaha ya kwanza ya upande wa pili, na lina nguvu kwa kuwa ni kweli. Mwanadamu huzoea hata chunusi. Walioshika msemo wa mazoea yana taabu wakaongeza kwamba tatizo liko kichwani mwa mlalamikaji. Naye akajibu kuwa taabu haitoki kwa mwenye mazoea, inatoka kwa anayeyavunja bila kupiga hodi. Nimesikia mijadala ya katiba iliyokuwa na hoja dhaifu kuliko hiyo.

Haki yao waliong'oa kitufe nayo isemwe. Kikosi cha Windows, chini ya Steven Sinofsky, hakikuamka siku moja na shoka. Kilieleza kwa kirefu kwamba takwimu kutoka kwenye kompyuta za watumiaji zilionyesha matumizi ya menyu ya Start yakipungua, kwa kuwa watu walikuwa wakibandika programu zao kwenye mwambaa wa chini na kuzifungulia huko huko. Hoja haikuwa ya kipuuzi. Ila takwimu huhesabu mibofyo. Hazihesabu mahali mkono unapokimbilia ukishapotea, na kazi hiyo ya kitufe, ya kuwa mahali pa kuanzia upya, haiachi alama kubwa kwenye jedwali la mtu yeyote. Tena mnung'unikaji, kwa hulka yake ya kushuku, ndiye wa kwanza kuzima mpangilio unaopeleka habari za matumizi yake kwa mtengenezaji. Anakataa kuandikishwa, kisha anashangaa kura zilivyohesabiwa. Naupenda msimamo huo. Una usafi ambao wanasiasa wetu hawajaufikia.

Huku kwetu jambo hili lilikuwa na uzito wake. Watu wengi wameijua kompyuta kwa kozi ya miezi michache, kwa daftari na noti za kudurufu, na noti hizo zikianza na amri moja: bofya Start. Mwalimu aliyezifundisha kwa miaka alijikuta ukurasa wake wa kwanza umegeuka uongo. Mchapaji wa dukani, yule anayepanga barua za maombi ya kazi na karatasi za mitihani huku foleni ikimhemea kisogoni, hakuwa na nafasi ya kuvumbua pembe za skrini. Mteja wake hataki kusikia habari za zama za kugusa. Anataka nakala mbili na bahasha ya kaki. Basi wengi waling'ang'ania Windows XP na Windows 7 hadi mashine zikakongoroka, na ukiwauliza sababu walikujibu kwa neno moja tu, nalo halikuwa la kitaalamu: "Hii naijua."

Mnung'unikaji wa nchi zenye kadi za benki alipata njia nyingine. Kampuni ya Stardock iliuza programu iitwayo Start8, kwa dola 4.99, ambayo kazi yake ilikuwa kumrudishia mtu kitufe. Watu walilipa ili wapate walichokuwa nacho bure jana yake, wakalipa kwa furaha, na wakaendelea kulalamika kwa furaha zaidi, kwani malalamiko yao sasa yalikuwa na risiti.

Kisha ukaja ushindi. Tarehe 17 Oktoba 2013 ilitoka Windows 8.1, na kitufe kikarejea pembeni mwake. Umati ukakibofya. Kikawapeleka kwenye vigae vile vile. Kitufe kilirudi, menyu haikurudi. Sidhani kama katika historia ya madai ya umma kuna mahali ambapo ombi lilitekelezwa kwa unyoofu wa kikatili namna hiyo, na mnung'unikaji angekuwa mtu wa kawaida angenyamaza kwa aibu ya kutojieleza vizuri. Hakunyamaza. Aliendelea hadi tarehe 29 Julai 2015, ilipotoka Windows 10 ikiwa na menyu halisi, vigae vimebanwa ndani yake upande mmoja. Microsoft waliruka hata namba 9 kufika hapo. Sinofsky mwenyewe alikuwa ameondoka kwenye kampuni Novemba 2012, wiki chache tu baada ya Windows 8 kuzinduliwa. Mnung'unikaji hujihesabia ushindi huo pia, na mimi simthibitishii wala simkatalii. Mwenye kusifiwa aachiwe kidogo cha kujitapia.

Asidhani mtu kuwa haya ni maradhi ya Windows. Septemba 2000 Apple waliuza toleo la majaribio la Mac OS X kwa dola 29.95. Ndani yake, ile alama ya tufaha ambayo kwa miaka ilikaa juu kushoto na kufungua menyu ilihamishiwa katikati kabisa ya mwambaa wa juu, na ukiibofya haikufanya lolote. Ilikuwa pambo. Waliolipa dola 29.95 walikuwa, kwa hakika, wamenunua ruhusa ya kulalamika, nao wakaitumia hadi senti ya mwisho. Machi 2001 lilipotoka toleo kamili, tufaha lilikuwa limerudi kushoto, na menyu yake imo. Miaka kumi baadaye, katika toleo la Lion la 2011, Apple waligeuza mwelekeo wa kuviringisha kurasa, kilichokuwa kikishuka kikapanda, wakauita huo ndio mwelekeo wa asili. Waliokwisha kuzeeka na ule wa zamani wakagundua kwamba maisha yao yote wameishi kinyume cha maumbile. Bahati nzuri kulikuwa na kisanduku cha kuondolea alama, na mnung'unikaji akakipata kabla ya chai ya saa nne.

Lakini ukitaka kumwona katika enzi yake, nenda kwenye programu huria, ambako mlalamikaji ana haki ya kuchukua msimbo na kuondoka nao. Aprili 2010 Ubuntu, mmoja wa mifumo ya Linux, ilitoa toleo la 10.04, na vitufe vya kufunga, kushusha na kukuza dirisha vikahamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kelele zilipopanda, Mark Shuttleworth, mwanzilishi wake, aliwaambia wazi kwamba maoni mazuri yanakaribishwa ila mambo ya usanifu hayapigiwi kura. Ni jibu la ukweli, na ndiyo maana liliuma. Vitufe vikakaa kushoto mpaka Oktoba 2017, toleo la 17.10, ndipo vikarudi kulia. Miaka saba na nusu! Kuna watoto waliozaliwa, wakaanza shule na kujua kusoma vitufe vikiwa bado uhamishoni. Na siku viliporudi, walikuwepo waliokwisha kuzoea kushoto, nao wakanung'unika. Hao nawapa sifa maradufu.

Mwaka mmoja baada ya uhamisho ule, Aprili 2011, ilitoka GNOME 3, eneokazi linalotumiwa na mifumo mingi ya Linux, ikiwa imeondoa kabisa vitufe vya kushusha na kukuza dirisha, pamoja na mpangilio wote ambao watu waliujua. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux yenyewe, alilalamika hadharani kwa lugha ambayo siwezi kuiandika mbele ya wakwe, akahamia Xfce, eneokazi jingine. Yaani fundi aliyejenga injini naye aliingia kwenye foleni ya wanaouliza nani kakihamisha. Huko Argentina mtumiaji mmoja alifanya zaidi ya kulalamika: alichukua msimbo wa GNOME 2 iliyokuwa inazikwa, akauendeleza kwa jina la MATE, kutokana na majani yanayonywewa Amerika Kusini kama sisi tunavyokunywa chai. Wengine wakajiunga. MATE ipo hadi leo. Wanaodharau manung'uniko waniambie ni wangapi kati ya waliosema "utazoea" walioacha nyuma kitu chochote kinachowaka.

Sijasema bado juu ya mjadala wenyewe, na hapo ndipo penye raha. Huwa na watu wake wa kudumu. Yupo anayesema tumia kibodi, hakuna haja ya kitufe chochote, bonyeza tu vibonye vitatu kwa pamoja. Huyu anafahamu njia za mkato zote na hana rafiki. Yupo anayedai hakuona tofauti, naye ni hatari kuliko wote, kwa kuwa pengine anasema kweli. Yupo aliyehamia Linux, ambaye hakualikwa ila haachi kufika. Yupo anayekiri kwamba mpangilio mpya ni mzuri, akiwa amewasha ule wa zamani. Na katikati yao yuko mnung'unikaji wetu, ambaye ndiye pekee aliyesoma menyu zote hadi mwisho, akafungua kila mpangilio, akajua kilichopungua. Ukitaka maelezo kamili ya toleo jipya, usimwendee anayelipenda. Anayelipenda ameridhika, na mtu aliyeridhika hachunguzi. Muulize anayelichukia.

Windows 11 ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021, kwa mfano, tangazo lilizungumzia utulivu na uzuri. Mnung'unikaji ndiye aliyetuambia kwamba mwambaa wa chini hauhamishiki tena kwenda juu wala pembeni, kwamba huwezi kuburuta faili na kulidondosha juu ya aikoni iliyoko kwenye mwambaa, na kwamba ukibofya kulia kwenye faili unapewa menyu fupi yenye mstari wa mwisho wa kukupeleka kwenye menyu ndefu uliyoitaka tangu mwanzo. La kuburuta lilirudishwa mwaka uliofuata. Hakuna aliyemwandikia barua ya shukrani.

Dosari anayo, na sifa zisizotaja dosari ni za kununuliwa. Kitufe kile alichokililia mwaka 2012 ndicho alichokisimanga 1995. Wakati huo alikuwa na Program Manager ya Windows 3.1, madirisha yake yamejipanga alivyotaka, na akaona ni kichekesho mtu abofye neno la kuanza ili azime mashine. Microsoft waliona atababaika, wakaweka kwenye Windows 95 maandishi yenye mshale yaliyoteleza juu ya mwambaa hadi kukigonga kitufe, ili kumwonyesha pa kubofya. Program Manager yenyewe hawakuthubutu kuifuta. Waliiacha humo ndani, na katika matoleo yaliyofuata kwa miaka mingi, kwa ajili ya mtu mmoja mkaidi ambaye angeitafuta. Nina hakika aliitafuta. Baadaye akasahau, akakipenda kitufe, akakifanya urithi wa mababu.

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10, waliokuwa wamegoma wameanza kuhamia Windows 11 mmoja mmoja, nyuso zimekunjamana. Start huko iko katikati ya mwambaa. Wanaingia kwenye mipangilio, kwenye sehemu ya kubinafsisha, kwenye tabia za mwambaa, wanairudisha kushoto, wanashusha pumzi. Pembeni yao amekaa mtoto aliyeshika kipanya kwa mara ya kwanza mwaka 2021, anayeijua Start ikiwa katikati tu, na ambaye anawatazama wazee hawa kwa huruma. Ipo siku wataihamisha tena. Huyo mtoto sifa zake nimeshaanza kuziandika.