Heko kwa Kanuni ya Barua Pepe

Katika watumishi wote wa ofisi, hakuna anayestahili nishani kuliko kanuni ya kupanga barua pepe kwenye mafolda. Haidai posho, haiendi likizo, haipigi majungu. Lakini hayo ni madogo. Sifa yake kuu ni utiifu, na utiifu wa namna hii masijala haijapata kuuona. Iamuru ipeleke kwenye folda ya Mali kila barua yenye neno "mali" katika kichwa chake, nayo itatii. Kwa kuwa inatazama herufi na si maana, itapeleka humo pia taarifa ya malipo yako, mwaliko wa kikao cha kumaliza mwaka na ratiba ya safari ya Somalia. Karani wa damu na nyama angeshusha miwani akauliza. Huyu haulizi. Kanuni husomwa kutoka juu kushuka chini, na ukitia tiki pale pa kusitisha zinazofuata, hata barua ya mkurugenzi, ikitaja "ofa" kwa bahati mbaya, itaishia kwenye folda ya matangazo. Ni mtumishi gani mwingine asiyemwogopa mkurugenzi?

Wapo wanaolalamika kwamba barua muhimu hupotea. Haipotei, imo folda ya Mali, kwa herufi nzito, haijafunguliwa. Wengine husema mafolda ni ya kizamani, siku hizi mtu anatafuta tu. Sawa, lakini anayetafuta sharti kwanza ajue kuna kitu kimekuja. Hoja yenye uzito ni ile ya wingi: mtu mmoja wa nini na kanuni arobaini? Hapo ndipo tuulizane nani kamfikisha huko.

Kamfikisha mtu wa "nakala kwa". Zamani nakala ilikuwa na gharama: karatasi ya kaboni, vidole vya mpiga chapa, miguu ya tarishi. Mtu alifikiri kabla ya kuongeza jina la nne. Leo anaongeza thelathini, wala hataki wajue chochote. Anataka siku jambo likiharibika aseme "mbona wote mlikuwa na taarifa". Huko ni kugawana lawama mapema, basi. Kisha wanafuata wa "Imepokelewa, asante", kila mmoja akijibu wote. Jamani, asante ya nini, na sisi tunahusikaje? Novemba 2016 ujumbe wa majaribio uliwafikia wafanyakazi wapatao 840,000 wa NHS, huduma ya afya ya Uingereza, na baadhi yao wakajibu wote kuwasihi wote waache kujibu wote. Wakubwa nao huandika HARAKA juu ya kila kitu, hata ratiba ya chai, mpaka neno lenyewe linatungiwa kanuni na kupelekwa folda isiyofunguliwa. Mtumishi akikosa barua moja, ofisi haimgusi aliyetuma mia. Inaandaa semina ya matumizi bora ya barua pepe, mahudhurio ni lazima, na mwaliko unatumwa kwa wote, nakala kwa wakuu wa idara, ambao nao ni miongoni mwa wote.