Kinanda Bado Kimo Kwenye Boksi

Mzazi mmoja wa Nyegezi kampatia mwanawe mwalimu wa kinanda wa mtandaoni, aliyeko Uingereza. Hongera. Ila maandalizi yametutoa jasho majirani! Kwanza pazia jipya, maana ukutani palikuwa na kalenda ya duka la nyavu. Kisha taa ya duara, stuli, bando la mwezi. Jogoo kahamishiwa kwa shangazi kule Nyakato. Mvua ya ziwani haikupewa taarifa. Ilipoanza kuchapa bati, mwalimu akauliza nani anapiga ngoma, akayasifu mapigo.

Sina neno na taa. Hata Wagika na Wagalu, mahasimu wa jadi wa ngoma za Kisukuma, wana dawa zao za kuvuta watazamaji kabla ya mashindano. Lakini wao, dawa ikishakolea, hucheza.

Na ngoma zenyewe zimejaa tele Bujora, kwenye makumbusho aliyoyaasisi Padri David Clement. Daladala ya Kisesa inakushusha jirani, wala haidai bando.

Mzee mwenzangu, somo la tatu limeishia kwenye "haloo, unanisikia?" Hebu lifungue hilo boksi, mtoto apige.