Koroga Upande Mmoja

Mshahara wangu una tabia za mgeni mwenye haraka. Unaingia jioni, simu inalia, tunaangaliana, na kabla ya chai ya asubuhi umeshaaga: kodi, luku, mkopo, na mchango wa harusi ya mtu ambaye nikikutana naye njiani sitamtambua. Siku zinazobaki naishi kwa mbinu. Kwa hiyo walimu wenzangu walipoanza kunong'ona ofisini kuhusu vishughuli vya pembeni, mimi ndiye niliyevuta kiti karibu zaidi.

Nilianza na barafu za ubuyu. Friji tulikuwa nayo, ubuyu haukosekani, na vifuko vya kufungia vinauzwa kila duka. Biashara hiyo iliishi siku tisa. Wateja wangu wakubwa walikuwa wanangu wawili, walionunua kwa hela walizoniomba mimi mwenyewe. Siku ya tisa umeme ukakatika kutwa nzima, na friji ikamwaga maji mekundu sebuleni utadhani kumechinjwa mbuzi.

Halafu jirani yangu, dereva wa daladala hapa Mbagala, akanipa udeiwaka. Konda wake alikuwa anaumwa. "Mwalimu, kazi yenyewe ni kuita abiria na kukusanya nauli. Hesabu si unazijua?" Nilizijua. Nisichokijua ni kwamba konda aliyefuzu, akiona sare za shule kituoni, hutazama mbinguni na kugonga bodi, "Twende, suka!" Mwanafunzi analipa 200 na kiti anachokalia ni kilekile cha mtu mzima. Ilikuwa Jumamosi, kidato cha nne wanakwenda masomo ya ziada. Kituo cha kwanza tu nikaona sare, na wenye sare wakaniona. "Shikamoo mwalimu!" Ningefanyaje? Nikawapakia. Kituo cha pili vilevile. Tulipofika katikati ya safari gari lilikuwa kama chumba cha mtihani: wote wima, kimya, hakuna hata anayetafuna karanga, na suka ananitazama kwenye kioo bila kupepesa. Jioni hesabu ya bosi haikutimia hata nusu. Konda wake alipona kesho yake, ghafla sana.

Lakini niliyokusudia kusimulia ni ya sabuni.

Ilikuwa semina ya ujasiriamali ya siku moja, kiingilio 10,000, cheti juu yake. Dada aliyetufundisha alisema kwa uchangamfu kwamba sabuni ya maji haihitaji elimu yoyote. Nikatabasamu kimoyomoyo, maana mimi nafundisha kemia. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba asidi ikikutana na kaboneti hupatikana chumvi, maji na hewa ya ukaa, na kila mwaka napiga mstari chini ya neno hewa. Kanuni kuu ya semina tuliitamka wote kwa pamoja kama kiapo: koroga upande mmoja, usirudi nyuma. Sababu hatukuambiwa. Kama mtu wa kemia nilijua kwamba molekuli hazijali kulia wala kushoto. Kama mtu aliyelipa 10,000, niliapa na wenzangu.

Nikashuka Kariakoo na karatasi yangu: salfoniki, slesi, magadi soda, glisarini, manukato ya limau, rangi, chumvi. Muuzaji akanifungia vyote kwenye mfuko bila kuniangalia usoni, kama anayemfungia mtu mihogo.

Jumamosi iliyofuata nikaweka diaba uani. Ua wetu ni wa wapangaji sita na bomba moja. Salfoniki ni uji mzito wa hudhurungi, unafanana na oili iliyotoka kwenye injini. Nikaitia kwenye maji, nikaanza kukoroga, kulia, kulia, kulia. Karatasi ilisema magadi yayeyushwe kando na kutiwa kidogo kidogo. Lakini bomba lilikuwa limeanza kukoroma, dalili kwamba maji yanakata, na mke wangu alikuwa anaidai ndoo. Nikayamwaga magadi yote kwa mara moja.

Kwa sekunde mbili hakikutokea kitu. Kisha diaba likaguna. Povu likapanda pole pole, kama maziwa ambayo mtu ameyapa kisogo jikoni, likafika ukingoni, likachungulia nje, likashuka. Nikalipiga kwa mwiko. Povu halipigwi. Likapita mlango wa chumba cha kwanza, likalizunguka jiko la mama muuza maandazi, likaelekea barazani, ambako baba mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kigoda anatia udhu wa adhuhuri. Akainua mguu mmoja. Akainua wa pili.

"Mwalimu," akasema, kwa upole wa mtu anayejua mkataba wako unaisha lini. "Hiki ni nini?"

"Shikamoo, mzee. Ni hewa ya ukaa."

"Marahaba. Iambie irudi kwako."

Kesho yake povu lilikuwa limetulia, ikabaki sabuni nyepesi kama maji ya kuoshea mchele. Dawa ya wepesi ni chumvi, na hapo ndipo penye maajabu. Unatia kijiko, inakaza kidogo. Unatia cha pili, cha tatu, inavutika kama asali. Mwenye akili anaachia hapo. Mimi nikawaza: ikiwa vijiko vitatu vimeleta asali, vitano vitaleta nini? Vitano vilileta maji. Maji matupu yanayonukia limau. Chumvi ikipita kipimo, uzito wote unaanguka, na ukitia nyingine kwa kudhani unarekebisha, unazidi kuharibu. Nilitia nyingine.

Nilikuwa bado nimeliinamia diaba kama mfiwa, pakatokea mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, aliyekuja kumletea mama wa maandazi mkaa. Kijana huyu muhula uliopita alipata 18 kwenye kemia. Kati ya 100, isije ikadhaniwa vingine.

"Shikamoo mwalimu. Umezidisha chumvi."

"Marahaba. Umejuaje?"

"Mama anauza sabuni."

Hakungoja kuruhusiwa. Akauliza kama slesi imebaki, akaichanganya na maji kwenye ndoo pembeni bila chumvi hata punje, akawa anamimina kwenye diaba na kukoroga. Sabuni ikaanza kurudi. Alikoroga kulia, akakoroga kushoto, akapitisha mwiko katikati kama anayesonga ugali.

"Upande mmoja!" nikapiga kelele.

Akanitazama kwa huruma, jicho ninalolijua vizuri kwa sababu ndilo ninalomtazamia yeye nikirudisha madaftari. "Hiyo ni ya kwenye semina, mwalimu."

Tulijaza chupa 13 za lita moja na nusu, bei 2,000. Nne zilichukuliwa mali kauli, na kauli ndiyo niliyo nayo mpaka leo. Mbili alichukua baba mwenye nyumba, akasema tutahesabiana kwenye kodi. Kodi ilipofika, aliyehesabu ni mimi peke yangu, moyoni. Mke wangu akachukua kalamu: kiingilio, nauli, diaba, glavu, vifaa, 3,000 za kijana, jumla 52,000. Kisha akazidisha 13 kwa 2,000 na kunisogezea karatasi bila kusema neno. Hata kama ningeuza zote taslimu, hata kama povu lisingetoka nje ya diaba, bado ningekuwa nimelipia nusu ya gharama ili majirani waoshe vyombo.

Muhula ulipoisha niliweka swali kwenye mtihani wa kidato cha pili: eleza kinachotokea asidi inapochanganywa na kaboneti. Yule kijana alijibu kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu, tafsiri ni yangu: hupatikana chumvi, maji na hewa ya ukaa, ambayo magadi yakimwagwa yote kwa pamoja hufika mpaka kwa baba mwenye nyumba.

Nikampa alama zote.