Kinanda Hakijafa, Rudisheni Michango

Mwalimu wa kwaya, kama kinanda kimenyamaza katikati ya wimbo wa sadaka, usianze kumtafuta mchawi kwenye sauti ya pili. Mwombe mwenyekiti naye asubiri kidogo kabla ya kupitisha bahasha ya kununua kipya. Chomoa waya ukutani, kisha uwaombe watu watoke nje. Wote, hata mzee wa kanisa aliyewahi kutengeneza redio ya mkulima. Kinanda kibovu hukusanya washauri: huyu anataka kipigwe mgongoni, yule anakumbuka kwamba mwaka juzi kilinyamaza hivihivi kikapona chenyewe. Baki na msaidizi mmoja, tochi, na bakuli la kuwekea skrubu, maana skrubu ikiangukia ndani ya bodi italeta ugonjwa ambao hamkuwa nao asubuhi.

Mwongozo huu ni wa vinanda vilivyokula chumvi, vile vya Yamaha PSR na Casio CT vya miaka ya 1980 na 1990, ambavyo hadi leo vinabeba ibada za Kichiwa na za njia nzima ya Njombe kwenda Makambako. Kwaya nyingi huviona vimekufa siku vinapokosa sauti. Mimi nasema kwa uzito wote: ubongo wa vinanda hivi ni mgumu kufa. Ugonjwa uko mdomoni, pale sauti inapotokea: jeki, waya, kitelezi cha volyumu, adapta. Kununua kipya kwa sababu ya jeki iliyopasuka risasi ni kuitupa sadaka ya watu waliouza viazi kuitoa.

Kabla ya kugusa bisibisi, rudisha waya ukutani kwa muda, kisha bonyeza kitufe cha DEMO. Nyimbo za mfano zikilia vizuri lakini vidole vyako havitoi kitu, sauti haina tatizo, na usifungue chochote kwanza. Kwenye vinanda vyenye MIDI kuna mpangilio uitwao Local. Ukizimwa, vibao vinatengana na mashine ya sauti iliyo ndani ya kinanda chenyewe. Kijana mmoja akiichezea menyu hiyo Jumamosi, Jumapili kanisa zima linaimba bila muziki. Uwashe, na kazi imeisha. Kama kuna pedali ya volyumu nyuma, ichomoe pia ujaribu bila yenyewe.

DEMO nayo ikiwa bubu, chomeka hedifoni. Sauti ikiwa hedifonini na spika za kinanda ziko kimya, nakupongeza, kwa sababu karibu umeshampata mkosaji. Ndani ya tundu la hedifoni kuna kipande chembamba cha bati chenye kazi moja: plagi ikiingia kinasukumwa pembeni na kuzikatia spika sauti, plagi ikitoka kinarudi na kuziunganisha tena. Miaka ikipita, bati hilo linachoka au linashika kutu, halirudi. Kinanda kinaamini kwamba bado kuna mtu amevaa hedifoni, kwa hiyo kinazinyima spika sauti, na hapo kinafanya kazi yake sawasawa kabisa. Kikiwa kimezimwa, ingiza plagi na kuitoa mara kadhaa ili ile kutu ikwanguke. Isipotosha, pakaa spiriti safi kwenye plagi na urudie. Hilo nalo likishindikana, jeki ibadilishwe, na ni kipuri kidogo cha bei ndogo.

Jeki ina ugonjwa wa pili unaowapata vijana wa mitambo wenye haraka. Mtu anapita nyuma ya jukwaa, anakanyaga waya, plagi inanyanyuka kwa nguvu. Kwa kuwa jeki imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, risasi iliyoshika miguu yake inapasuka, na ufa unazunguka mguu kama pete nyembamba isiyoonekana bila tochi na macho ya kijana. Dalili yake ni sauti inayokatika na kurudi ukiutikisa waya. Usitafute kijiti cha kiberiti cha kuukazia waya upande mmoja. Nimeviona vijiti hivyo kwenye vinanda vingi, na kila kijiti huisukuma jeki iuchane ufa zaidi. Fungua, ondoa risasi ya zamani, weka mpya. Risasi ya 60/40 inayeyuka karibu na nyuzi 190 za Selsiasi, na pasi ya kulehemu yenye nyuzi 350 inatosha, ikiguswa sekunde mbili tatu na kuondolewa. Ukiikandamiza muda mrefu, njia za shaba zitabanduka kutoka kwenye bodi, na hapo ndipo kinanda kinaanza kufa kweli.

Sasa waya. Hapa naomba kila kijana wa mitambo kuanzia Makambako hadi Njombe mjini akae chini asikilize, kwa sababu kosa hili limevifukuzisha vinanda vizima makanisani. PSR nyingi hazina tundu la kawaida la kwenda kwenye mixa. Zina tundu moja tu lililoandikwa PHONES/OUTPUT, nalo ni la stirio: ncha ya plagi inabeba sauti ya kushoto, pete inabeba ya kulia, shina ni ethi. Mtu anachukua waya wenye plagi ya stirio pande zote mbili, au wenye plagi ya stirio huku na plagi ya maikrofoni kule, anauingiza kwenye chaneli moja ya mixa. Chaneli hiyo imetengenezwa kutoa tofauti kati ya ncha na pete. Kila kilicho sawa kushoto na kulia kinafutana: besi inayeyuka, piano inabaki mwangwi wa mbali. Watu wanasema kinanda kimeishiwa nguvu. Hakijaishiwa, mixa imekitoa kwa hesabu ya darasa la pili, mbili toa mbili. Nunua waya wenye plagi moja ya stirio inayogawanyika kuwa plagi mbili za mono, kila moja iingie chaneli yake. Na ukiingiza plagi ya mono kwenye tundu hilo la stirio, sauti ya kulia unaibana kwenye ethi. Vinanda vingine huvumilia, lakini vingine amplifaya ya hedifoni hupata joto mpaka ikaungua.

Sauti ikiwepo ila inaguruma, tumia sikio la kwaya kabla ya kutumia tesita. Umeme wetu ni wa 50 Hz. Ukishapitia dayodi za adapta unabaki na mawimbi ya 100 Hz, ambayo mtu wa besi atayatambua: ni karibu na G ya mstari wa chini wa funguo ya besi, imepanda kidogo. Ngurumo ya sauti hiyo mara nyingi inatoka kwenye kapasita ya kuchuja umeme iliyokauka. Ikiwa chini zaidi kwa oktavu nzima, shuku waya usio na shili nzuri, au ethi mbili zinazogombana, na uchomeke mixa na kinanda kwenye ekstensheni moja.

Kuna njia nyepesi ya kumpima mshukiwa wa kwanza. Geuza kinanda uangalie chini: PSR na Casio nyingi zina nafasi ya betri kubwa sita, jumla volti 9. Weka betri, ondoa adapta. Ngurumo ikikoma, adapta ndiyo mgonjwa na kinanda ni kizima. Ikiendelea, kapasita za ndani zikaguliwe. Mkimaliza kupima, toeni betri. Betri iliyosahaulika humo kwa msimu mzima huvuja na kula chuma na waya.

Kitelezi cha volyumu kinachokwaruza kina vumbi kwenye njia yake ya kaboni, na vumbi la Agosti barabara zetu zinalijua. Kisafishe kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, kisha kisukume mbele na nyuma mara nyingi. Petroli inalainisha plastiki. Mafuta ya cherehani yanashika vumbi jingine. Mafuta ya kula sitaki hata kuyajadili, ingawa harufu yake nimewahi kuikuta ndani ya kinanda.

Spika zenyewe zipimwe kwa tesita: ya omu 8 huonyesha sita au saba hivi. Isiyoonyesha chochote koili yake imekatika. Usiweke ya omu 4 mahali pa omu 8 kwa sababu tu ndiyo iliyopatikana dukani, kwani amplifaya italazimika kutoa mkondo ambao haikutengenezewa.

Adapta ndiyo inayoua kwa kweli. Vinanda vingine vilikuja kama zawadi kutoka ng'ambo, vingine kama mitumba. Kifaa kilichouzwa Japani kinaweza kuwa cha volti 100, cha Marekani volti 120, na ukuta wa TANESCO una 230. Ukikichomeka bila kusoma, tiransifoma inaungua kabla hujafikia noti ya kwanza. Halafu kuna suala la ncha. Yamaha za PSR nyingi zinataka volti 12 zenye chanya katikati ya plagi. Casio nyingi za zamani zinataka volti 9 zenye chanya upande wa nje. Plagi zinafanana machoni, na kwaya yenye vinanda viwili inazichanganya kwenye mfuko mmoja. Hii siyo kazi ya bahati. Chora alama, funga utepe mwekundu, fanyeni lolote mnaloweza kulikumbuka.

Wenye bahati ya kumiliki mashine za majina makubwa wana jambo la ziada. Yamaha DX7 ya mwaka 1983 ilijengwa juu ya njia ya kutengeneza sauti aliyoigundua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967. Korg M1 ilifuata mwaka 1988. Zote mbili hutunza sauti zake kwa betri ndogo ya volti 3, CR2032, iliyoko ndani. Betri hiyo ikifa, kumbukumbu inavurugika, na mashine inaweza kuwaka taa zote huku ikitoa makelele au kimya kitupu. Fundi akibadilisha jeki kwenye kinanda cha namna hiyo amekula hela bure. Ibadilishwe betri, kisha sauti zirudishwe kupitia MIDI.

Baridi nayo ina sehemu yake. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai vyumba vya usharika vinalala na baridi kali. Kinanda kinatolewa humo asubuhi, kinaingizwa kwenye kanisa lililojaa pumzi za watu, na unyevu unaganda juu ya chuma chake baridi, kwenye jeki na kwenye bodi. Kilete mapema kabla ya ibada kikiwa kimefunikwa kitenge, kiache kizoee joto la ukumbi, ndipo ukiwashe. Kukifunga kwenye nailoni usiku kucha kunahifadhi huo unyevu. Kikisafirishwa kwa bodaboda kiviringishwe blanketi, kilale mapajani mwa abiria, kisining'inie ubavuni. Na panya wa msimu wa mavuno ya mahindi wanapenda sana nyaya za ndani ya kinanda kilichoegeshwa stoo.

Kapasita zilizovimba, na kipande cha amplifaya kinachounguza kidole, mpelekeeni fundi redio. Makambako ni njia panda ya barabara kuu ya Mbeya na ile ya Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo, kwa hiyo kipuri kikikosekana kinaagizwa Kariakoo na kuletwa kwa basi. Mpeni fundi maelezo: DEMO ilifanya nini, hedifoni ilifanya nini, betri zilifanya nini. Fundi akipata majibu hayo matatu hatakuwa na sababu ya kubahatisha, wala nyinyi hamtalipia kubahatisha. Akibadilisha kitu, mwombeni awape cha zamani mkononi. Fundi mwaminifu hakasiriki.

Mhazini wa kwaya, kazi yako ni hii. Nunua waya sahihi wa plagi tatu na mwingine wa akiba. Gundisha chini ya kinanda karatasi yenye mambo matatu: volti za adapta, chanya iko ndani au nje, na tarehe jeki ilipolehemiwa. Fanya hivyo wiki hii, kabla mvua za Novemba hazijaleta radi, na siku radi ikianza kupiga wakati wa mazoezi, chomoeni kila kitu ukutani mwimbe bila kinanda.